Nilisimamia utenganishaji wa taka kijijini kwetu, kifuniko kimoja cha bluu kikanifunga mdomo

Wakuu, heshima zenu, wakubwa kwa wadogo.

Najua humu kuna watu kazi yao ni kuandika "chai" kabla hawajafika hata aya ya tatu. Leo nawaomba mnivumilie mpaka chini. Mtu anayepika stori hujipa nafasi nzuri, anakuwa shujaa. Mimi kwenye hii ndiye mjinga, kwa hiyo niaminini tu.

Nianze na historia kidogo ili tuelewane.

Nimefanya kazi ya clearing, kutoa mizigo forodhani, pale mpakani Tunduma miaka mingi sana. Wanaoijua Tunduma wanajua. Foleni ya malori, honi, vumbi, kelele za wabadilisha fedha. Ukitoka mlangoni asubuhi hujafika barabarani umeshapigiwa "mulishani", salamu yao, na madereva wa Zambia, na wewe unaitika hata kama humjui. Kazi yangu ilikuwa makaratasi. Mzigo uliotajwa, mzigo ambao haukutajwa, seal namba ngapi, muhuri uko wapi. Nilikuwa mzuri kwenye hiyo kazi, sijisifu.

Baadaye miguu ikaanza kugoma, mimi na mke wangu tukakubaliana turudi nyumbani kwetu Mbozi. Kijiji sikitaji, kiko upande wa juu ukitokea Mlowo, kwenye kahawa na migomba. Tulishajenga huko nyumba ya vyumba vinne.

Mke wangu, Mama Neema, hakuikalia. Alifariki tukiwa tumebakiza kupaka rangi.

Nikahamia peke yangu. Binti yetu Neema yuko Dodoma na familia yake, mdogo wake yuko Kitwe. Wanapiga simu Jumapili, na network ya huku mnaijua, unaongea umesimama juu ya kifusi mkono mmoja sikioni mwingine unashika mti.

Sasa wakuu, wanaume hili neno hatulipendi, ila mimi nimeshazeeka nalisema. Nilikuwa mpweke. Tena sana.

Kijijini asubuhi watu wote wako shamba. Mimi kulima sijui, vibarua ndio wananilimia. Kuna siku ilifika jioni nikagundua tangu nimeamka neno pekee nililotamka ni "toka!", na nilikuwa namwambia kuku.

Utasema si uende kutembelea watu. Mara ya kwanza unaenda, wanakukaribisha vizuri. Mara ya pili wanauliza, vipi, kuna shida? Mara ya tatu unajiona kabisa umekuwa mzigo. Wenzako wana kahawa ya kuchuma, wewe umekaa tu kwenye benchi lao unaangalia. Na mjane mwanaume kushinda kwenye miji ya watu, maneno hayakawii.

Nilichokosa ni sababu ya kubisha hodi.

Ndipo likaja suala la taka.

Chemchemi tunayochota maji ilikuwa imeziba. Walipozibua walikuta pampasi, mifuko laini, na chupa za dawa ya kahawa. Wiki hiyohiyo ng'ombe wa mwenyekiti wa kitongoji akafa, wakamchana tumbo wakakuta donge la plastiki limeshikamana ukubwa wa mpira wa miguu. Mtendaji akaitisha mkutano, afisa afya akaja, akaeleza kwamba kila kaya itenganishe taka. Zinazooza ziende shimo la mboji, plastiki na makopo zikusanywe pembeni, kuna mnunuzi wa Mlowo atakuwa anazifuata.

Akauliza nani atajitolea kupita nyumba kwa nyumba kila Jumatano kuelekeza na kukagua.

Nilinyoosha mkono hajamaliza sentensi.

Watu wakapiga makofi. Mtendaji akanisifia, akasema hawa ndio wazee wenye uzalendo. Wakuu, uzalendo gani. Niliposikia "nyumba kwa nyumba" masikio yangu yalisikia hodi. Hodi nyingi, kila wiki, zenye sababu.

Hapo nikafanya kosa la kwanza, dogo, la kuchekesha.

Nilipopewa nafasi ya kuongea nikataka nionekane msomi. Badala ya kusema zinazooza na zisizooza kama afisa afya alivyosema, mimi nikaja na yangu. Nikasema ndugu zangu, kuna taka hai na taka mfu. Hai ziwekwe kwenye kapu, mfu kwenye mfuko wa salfeti. Kichwani mwangu hai ni ile inayorudi kuwa udongo na kuotesha kitu, mfu ni plastiki, haioti wala haiozi. Nikaketi nimejaa sifa.

Jumatano ya kwanza ilikuwa vurugu.

Kwenye salfeti za mfu nilikuta kuku aliyekufa kwa kideri. Nikakuta maganda ya ndizi na majani makavu, maana yamekauka, si yamekufa? Kwenye makapu ya hai nikakuta chupa, makopo, ndala, hadi redio isiyo na mfuniko.

Nyumba ya mwisho upande wetu ni ya Mama Enea. Huyu ni mama mtu mzima, ananizidi kama miaka kumi na tano, mumewe alishatangulia, na Enea mwenyewe alivuka kwenda Zambia kutafuta maisha, hajarudi muda mrefu. Anaishi peke yake kama mimi.

Nikamkuta ameweka kopo kwenye hai.

"Mama, shikamoo. Hili kopo mbona liko huku?"

"Marahaba baba. Si ulisema hai? Hilo bado nachotea maji."

"Na haya maganda kwenye mfu?"

"Hayo nimeshakula ndizi yake. Mfu si kile kilichomaliza kazi, baba?"

 Kijiji kizima kilikuwa kimeelewa hivyohivyo, hai ni chenye kazi, mfu ni kilichomaliza kazi. Aliyekuwa hajaelewa ni mwalimu.

Wiki iliyofuata nikafuta maneno yangu, nikasema kapu na salfeti basi, maganda kapuni, plastiki salfeti. Lakini nilishachelewa, jina lilishanikaa. Bwana Mfu. Nikipita wanaitana, jamani Bwana Mfu huyo anakuja, toeni makapu. Walikuwa wananitania tu, hawana ubaya. Wakicheka na mimi nacheka. Ila mtu ukishafiwa na mkeo halafu unaitwa Bwana Mfu, ukifika nyumbani hucheki.

Tuendelee.

Ile miezi ya mwanzo, wakuu, nilifurahi mno. Kila nyumba lazima niingie, niketi, nieleze, nipewe chochote. Parachichi, chai ya rangi, kiazi cha moto. Jumatano nilikuwa natoka saa mbili asubuhi narudi jua limeshageuka. Nikaanza kunyoa ndevu Jumanne.

Halafu watu wakaelewa.

Hii ndiyo sehemu ambayo sikuifikiria kabisa. Walielewa haraka kuliko nilivyotaka. Mboji ikaanza kuonekana kwenye migomba, chemchemi ikawa safi, na kila kaya ikawa inaweka kapu na salfeti kando ya njia kabla hawajaenda shamba. Mimi napita, naangalia, naweka tiki kwenye daftari, naondoka. Hakuna wa kumwelekeza. Hodi niende kumbishia nani, na kila kitu kiko sawa?

Afisa afya alinipongeza kwa simu. Nikamshukuru, nikakata, nikakaa kitandani.

Ni Mama Enea pekee alikuwa bado anakosea.

Kila Jumatano, juu ya maganda kwenye kapu lake, kulikuwa na kifuniko cha bluu. Vile vifuniko vya madumu ya mafuta ya kula, mnavijua. Plastiki tupu, katikati ya maganda ya viazi.

Basi nabisha hodi. Karibu baba. Naingia, naonyesha kifuniko, naeleza upya kuanzia mwanzo. Yeye anasikiliza mikono iko mapajani, anatikisa kichwa.

"Nimesahau tena. Kichwa kimechakaa, baba."

Ananivutia stuli pale nje, analeta chai. Tunaongea. Ananipa habari za Enea alipokuwa mdogo, habari za wakati kahawa ilikuwa kahawa. Siku moja akaniuliza mwenzangu alikuwa ananipikia nini nikirudi kutoka Tunduma. Wakuu, tangu mazishi watu walikuwa wamenipa pole nyingi sana, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza alikuwa anapika nini. Nikamwambia maharage ya nazi, nazi anaagiza Mbeya kwa sababu alikulia pwani. Nikaongea mpaka chai ikapoa.

Nikiondoka nakitoa kifuniko kapuni, nakiweka juu ya salfeti, namkumbusha tena. Wiki inayofuata kiko kapuni.

Na mimi kichwa changu cha mipakani kikaniambia huyu mama ni mzito kuelewa. Hata Neema nilimwambia kwenye simu, kuna bibi mmoja hapa amenishinda. Neema akacheka, akasema baba mwache, ni mtu mzima. Sikumwacha.

Ikaja habari kwamba wageni kutoka halmashauri watapita kuona kitongoji chetu kama mfano. Mtendaji akataka ripoti isomwe mkutanoni kwanza.

Nilivaa koti. Nikasimama na daftari langu, nikasoma kama ninavyosoma documents za mzigo. Kaya zote zinatenganisha ipasavyo, isipokuwa moja. Kaya ya Mama Enea. Makosa kila wiki, elimu imetolewa mara nyingi, hakuna mabadiliko.

Kwa maneno hayo hayo.

Watu wakacheka. Kuna mmoja nyuma akasema msameheni, bibi ameshazeeka huyo. Wakacheka zaidi. Mwenyekiti akamwambia asimame ajieleze.

Akasimama. Alishika ncha ya kitenge chake, akasema, "Nimesikia. Sitarudia." Kabla hajakaa aliniangalia. Hakuwa na hasira. Mimi nilidhani ni aibu ya kushindwa somo. Nikakaa nikaona kazi imeisha, mzigo umetoka.

Jumatano iliyofuata nikafika kwake.

Kapu lilikuwa nje kando ya njia, limefunikwa jani la mgomba. Salfeti imefungwa kamba. Nikainua jani, maganda matupu. Wakuu, nilichokonoa yale maganda kwa kijiti nikitafuta kosa. Halikuwepo.

Mlango ulikuwa umerudishiwa. Nikabisha.

"Kuna kosa, baba?" Sauti ikatoka ndani.

"Hapana mama. Pako safi kabisa."

"Haya. Asante."

Nikasubiri kidogo. Nikasikia anapepeta maharage. Nikaweka tiki, nikaondoka.

Wiki ya pili hivyohivyo. Kuna kosa, baba? Hapana mama. Haya, asante. Wiki ya tatu hivyohivyo.

Kitongoji kikawa na tiki mia kwa mia. Mtendaji alifurahi. Nami Jumatano nikawa namaliza mzunguko wote kabla ya saa nne asubuhi, narudi kwenye vyumba vyangu vinne. Ndevu nikaacha kunyoa.

Mwisho wa mwezi mnunuzi wa Mlowo akaja na guta lake. Utaratibu wetu ni kumwaga salfeti zote kwenye turubai ili achambue anachokitaka. Nikawa namsaidia. Nikamwaga ya Mama Enea. Haikuwa na kitu, mtu mmoja atatoa taka gani. Pakiti ya chumvi, ganda la sabuni, mfuko uliopasuka.

Na kifuniko cha bluu.

Nikakiokota. Kilikuwa na alama ya kuungua pembeni, kama kiliwahi kuwekwa karibu na jiko, na ufa mdogo unaanzia hapo. Nikabaki nimekishika.

Hiyo alama nilikuwa naijua. Niliiona Jumatano ya mwisho kabla ya mkutano, na ya kabla, na ya kabla ya hapo, kwa miezi. Sikuwahi kufikiri. Nilidhani ni vifuniko vingi.

Halafu likaja lingine. Mama Enea hana dumu la mafuta. Hajawahi kuwa nalo. Ananunua mafuta ya kupima dukani, kijikombe kimoja kinampeleka wiki. Nimemkuta dukani mara ngapi na kichupa chake. Sasa kila wiki kifuniko cha dumu kingetoka wapi?

Nikakinusa. Kilinukia sabuni. Kilikuwa kimeoshwa.

Mimi, wakuu. Mimi niliyekaa mpakani nikisoma namba za seal za makontena, ambaye hakuna dereva aliyewahi kunipitishia mzigo uleule mara mbili. Mama wa watu kanipitishia kifuniko kimoja mbele ya macho miezi yote hiyo, na mimi nakitoa kapuni, namuelimisha.

Wakati huo alikuwa ananifungulia mlango tu. Alijua nisipokuwa na kosa la kusahihisha siwezi kuingia. Yeye naye bila lile kosa hakuwa na mtu wa kumwambia karibu.

Nikakaa chini palepale kwenye turubai. Yule wa guta akaniuliza, "Mzee vipi, umejikata?"

Nikamwambia ndiyo, nimejikata.

Kesho yake, haikuwa Jumatano, nikaenda. Kifuniko kiko mfukoni mwa koti. Njiani nilikuwa napanga maneno kama mtu anayekwenda kuposa.

Nikabisha hodi.

"Kuna kosa, baba?"

"Lipo mama. La kwangu."

 Kisha akatoka mpaka mlangoni, ungo mkononi. Nikamwambia nisamehe kwa yale ya mkutanoni. Akasema, "Nilishasamehe, baba. Ila nilisimamishwa mbele ya watu nikaambiwa nimezeeka, na aliyenisimamisha ni mtu niliyekuwa nampa chai."

 Nikatoa kile kifuniko nikamwonyesha. Nikauliza, kwa sababu ndiyo maneno pekee niliyobaki nayo, "Mama, hiki kinakaa wapi?"

Alikiangalia. Hakukipokea.

"Weka kwenye mfu," akasema. "Kimeshamaliza kazi."

Akarudi ndani.

Nilisimama kwenye ule uwanja, wakuu, siwezi kuwaambia ni muda gani. Nimezika mke na sikulia kama nilivyolia njia ile ya kurudi nyumbani. Labda nilikuwa nalilia vyote kwa pamoja, sijui.

Kifuniko sikukitupa. Kiko dirishani kwangu hapa ninapoandika.

Nimeendelea kupita kwake. Sasa naenda bila daftari. Kila Jumatano nabisha hodi, anauliza kuna kosa, najibu hakuna mama, nimekuja kusalimia. Anasema haya, nimeshukuru. Anaishia hapo, na mlango haufunguki. Simlaumu.

Ila Jumatano hii iliyopita nilibadilisha. Alipouliza kuna kosa, nikasema, "Hakuna mama. Nimekuja kukaa tu."

 Nikasikia ungo umesimama. Nikajua sasa nitaambiwa nirudi nyumbani.

"Stuli iko hapo nje," akasema.

Hakutoka. Chai haikuletwa. Nilikaa kwenye ile stuli, yeye ndani anapepeta maharage, mimi nje naangalia migomba. Hatukuongea neno. Jua lilipofika usawa wa paa nikaaga, akaitikia.

Mpaka sasa hapo ndipo tulipofika.

Nilichojifunza nakisema kwa ufupi. Kutenganisha taka si kazi ngumu, wakuu, kijiji chochote kinaweza. Tafuteni maneno ambayo watu wenyewe wanayatumia, msilete ya kwenu kama mimi, na chemchemi itakuwa safi. Hilo mniulize hapa, nitawaelekeza hatua kwa hatua.

La pili ndilo lililonifanya niandike. Ukiona mtu anakosea jambo lilelile dogo kila wiki, tena anatabasamu akikosea, kabla hujamsahihisha muangalie vizuri. Inawezekana ameshaelewa siku nyingi, wewe ndiye unayechelewa.

Na ukitaka kumtembelea mtu, mtembelee. Usisubiri upewe daftari.

Mwenye maoni karibu, mwenye kunicheka karibu, mwenye mama yake kijijini ambaye humpigii simu tunaomba uanzie huko kwanza. Waliowahi kumkosea mtu mzima wakasamehewa mpaka mlango ukafunguka tena, niambieni mlifanyaje.

Na wewe unayesoma kimya kimya huko chini bila kuandika kitu, hata kama huna la kusema, bisha hodi tu. Nipo.